Kanga ya Manjano Mwembe Tayari

Saa kumi na nusu jioni mvua ilikuwa imekatika, na basi kutoka Kisumu lilikuwa likiteremsha abiria katika stendi ya Mwembe Tayari. Awino alisimama mahali pake pa kila siku, kando ya karai la Bi Jannat, muuza viazi. Mkono mmoja ulibeba mkoba. Wa pili ulimshika mdogo wake Ronny, mwenye umri wa miaka mitano.

Mama yao alikuwa Kisumu tangu muhula ulipoanza, akimuuguza nyanya. Kabla ya kusafiri aliikata doti ya kanga yake mpya ya manjano, akamwachia Awino kipande kimoja na kujifunga kingine. "Nikirudi tutaviunganisha," alisema. Awino alilala na kipande hicho kila usiku.

"Leo pia hayumo?" Ronny aliuliza.

"Subiri, hawajaisha kushuka."

Ndipo alipoiona kanga ya manjano ikielekea sokoni. Aliuachia mkono wa Ronny akakimbia, akapenya kati ya mikokoteni, akamshika mwanamke begani.

"Mama!"

Mwanamke aligeuka. Awino hakumjua.

Aliporudi, Ronny hakuwapo. Alimtafuta chini ya meza na nyuma ya magunia. Upande wa pili, basi la kwenda Kisumu lilikuwa limeshawasha injini. Mlangoni Bi Jannat alikuwa akimfokea utingo, vidole vyake vimejaa unga wa dengu.

"Mtoto huyu hana mtu humu! Nimemwona akipanda peke yake!" Akamteremsha Ronny.

"Nakwenda kwa Mama," Ronny alisema akilia. "Awino ameshakwenda."

Bi Jannat alimgeukia Awino. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Niliona kanga ya Mama."

"Ile ya manjano? Mwanangu, hiyo ndiyo kanga ya msimu huu. Nusu ya mji wameivaa." Aliinua pindo la buibui lake. Naye alikuwa ameivaa.

Njiani kurudi nyumbani Makadara, Awino alitafuta namna ya kumweleza baba yake. Asubuhi hiyo Mwalimu Griffins alikuwa ameandika ubaoni maneno matatu ya Kiingereza. Instinctively, alisema, ni kwa silika, kama jicho linavyojifumba vumbi likija. Automatically ni kwa mazoea, kama unavyofunga kamba za viatu. Impulsively ni kwa pupa: moyo unatangulia, akili inaachwa nyuma. Awino alichagua neno la kwanza. Alijua kwamba baba akiusikia ukweli wote, hatamruhusu tena kupita stendi.

Baba yao, Oloo, alikuwa dereva wa kreni bandarini. Walipoketi kula, Awino alisema, "Baba, leo nilimwachia Ronny mkono. Lakini nilifanya instinctively."

"Nikapanda basi!" Ronny akadakia.

Baba aliliweka chini tonge la ugali. "Nieleze kilichotokea. Neno baadaye."

Awino alieleza. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Pikipiki ikija upande wa Ronny, unafanya nini?"

"Namvuta."

"Unafikiri kwanza?"

"Hapana."

"Hiyo ndiyo silika. Leo je, ulimkumbuka kabla ya kumwachia?"

Kujibu "hapana" kungetosha kuyamaliza. Awino alimtazama Ronny, aliyekuwa akilamba mchuzi kidoleni.

"Nilimkumbuka," alisema. "Niliona atanichelewesha."

Baba alilichukua tena tonge lake. "Basi hiyo ni pupa. Nayo pupa ni uamuzi, ila ni wa haraka. Kuwa na hamu ya kumwona mama yako si kosa; hata mimi ninayo. Kosa ni kuiita silika ili usilaumiwe. Umesema kweli, na hilo nimelipokea. Lakini stendi hamtapita tena bila mimi."

"Sawa, Baba."

Jumamosi Baba aliwapeleka stendi mwenyewe, kwa maana Mama alikuwa amepiga simu kwamba yuko njiani. Mlango wa basi ulipofunguliwa, mwanamke wa kwanza kushuka alikuwa amevaa kanga ya manjano. Mguu wa Awino ulisogea, mkono haukumwachia Ronny. Mwanamke akapita.

Mama alishuka wa mwisho, amevaa koti. Kanga yake ilikuwa furushi mkononi, imefungiwa omena, dagaa wa ziwani, na Awino hakuitambua.

"Awino!" Mama aliita.

Awino alimwendea, akiwa amemshika Ronny mkono.