Kadi Tupu ya Kumi na Sita

Vibanda vya mlangoni vya kugawiwa kwa kura vilikuwa sita, lakini kadi nyekundu za ushindi zilizotoka kapuni zilikuwa saba. Willis Ochola, katibu wa soko la omena, wale dagaa wa ziwani, la Muhuru Bay, alizihesabu mara tatu, kisha akafunga mlango wa ukumbi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka.

Sajini Priscilla Nchagwa alipofika saa tano, alikuta wanawake ishirini na wawili wameshapekuana mikoba, leso, hata viatu. Hawakupata kitu, ila mshukiwa walikuwa naye. Lynnet Awino, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa amewekwa peke yake kwenye benchi la mbele, karata zake za kuchezea zimemwagwa mezani.

"Huyu anaficha karata na mkono, afande," alisema Mama Emmaculate, muuzaji mkongwe kuliko wote. "Anajifunza kwa simu, hata akianika omena. Mimi nilitoa kadi yangu, nikafungua Zaburi, nikaomba. Yeye alitoa yake akacheka."

"Nilikuwa nimeshinda kibanda," Lynnet alisema. "Ulitaka nilie?"

Willis alisafisha koo. "Afande, tufute jina lake tu. Wabaki sita, tumalize."

Ndivyo watu wanavyofungwa bure: unamtoa unayemshuku, hesabu inalingana, mnakwenda kula. Nchagwa alikuwa ameyaona hayo sana, na yalimchosha.

"Kadi alikata nani?" aliuliza.

"Ni mimi, jana," Willis akajibu. "Boksi ya biskuti. Nilikata ishirini na mbili, sita nikapaka wino nyekundu. Pastor tuliyemwita asimamie kura alihesabu mwenyewe akiweka kwa kapu."

"Boksi kama hizo zinapatikana wapi?"

"Kila duka, afande."

Nchagwa akamgeukia Lynnet. "Ni kweli unaweza kuficha karata?"

Mtu mwoga angekana. "Naweza," Lynnet alisema, na ukumbi ukaguna.

"Nionyeshe."

Akashika karata zote kwa mkono wa kulia. Kidole cha mwisho kilisukuma pembe ya karata ya juu, karata ikainuka, ikalala kiganjani. Mkono ulibaki umelegea, kana kwamba haukubeba kitu.

"Miezi nane," alisema. "Kila siku mara mia mbili. Zilikuwa zinaanguka kwa mchanga, naokota, naanza tena. Hiki kidole kilivimba mpaka nikashindwa kushika kijiko."

"Mmeona sasa?" Mama Emmaculate alisema.

Nchagwa akampa Lynnet kadi moja ya boksi. Alipoificha, pembe mbili zilichomoza nje ya vidole. Ilikuwa ngumu, tena kubwa kuliko kiganja chake.

"Anajifanya," mtu akasema nyuma.

"Tuseme anajifanya," Nchagwa alisema. "Lynnet, nini ni ngumu zaidi kwa mchezo huu?"

"Si kuficha, afande. Kuficha nilijua kwa miezi mitatu. Hiyo mingine mitano nilijifunza pa kuipeleka. Ukileta kadi yako, ile umetoa kwa kapu lazima iende mahali."

Nchagwa akazihesabu kadi tupu zilizorudishwa mezani. Zilipaswa kuwa kumi na sita. Zilikuwa kumi na tano.

"Nyekundu ya saba mnayoitafuta iko hapa mezani," aliwaambia. "Iliyopotea ni tupu moja. Na mlango umefungwa tangu saa nne." Akaangalia mapajani mwao, ambako baadhi walikuwa na Biblia. "Biblia mmepekua?"

Nani angeikung'uta Biblia ya mama wa mwenzake?

"Mama Emmaculate, tusomee ile Zaburi ya asubuhi."

"Miwani nimeacha nyumbani."

"Asubuhi ulisoma na nini?"

Mama Emmaculate aliishika Biblia kwa mikono miwili. Mwishowe aliifungua mwenyewe, na kadi tupu ikaonekana kati ya kurasa.

"Ile uliyotoa kapuni uliiingiza humo," Nchagwa alisema. "Ukaomba, na wote wakafumba macho pamoja na wewe. Walipofumbua, ulikuwa umeshika nyekundu uliyokuja nayo."

"Miaka kumi na tisa nimeuza mlangoni mwa soko," Mama Emmaculate alisema. Sauti yake haikuomba msamaha. "Leo kapu linipeleke nyuma, na watoto wakae mbele yangu?"

"Na Lynnet alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilijua mkishuku mtu, mtaangalia mikono yake."

Lynnet alikasirika, na hakujali nani anamwona.

Nchagwa alipoondoka na Mama Emmaculate, Willis alitoa funguo za vibanda. Alishika mmoja bila kuutoa. "Nyathina, mwanangu, kibanda ni chako. Ila hizo karata zichome, watu watulie." Wanawake kadhaa waliitikia kwa kichwa.

Lynnet alizikusanya karata zake moja moja, akazipanga, akazitia mfukoni.

"Saa moja iliyopita mlitaka kufuta jina langu," alisema. "Hakuna mtu ameniomba msamaha. Na bado mimi ndiye nichome kitu?" Akanyoosha mkono. "Sichomi. Leta ufunguo, katibu."

Willis aliwatazama wanawake, akitafuta wa kumsaidia. Hakumpata, akampa Lynnet ufunguo.