Kiherehere Achambua Mbegu

Kila siku alipotoka shule alitupa mkoba kitandani, akavaa kandambili na kutimua mbio hadi kwenye bustani ya shangazi yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, na kwa kuwa hakujua kutulia, watu wote walimwita Kiherehere. Hata mwalimu aliwahi kujisahau akamwita hivyo darasani.

Shangazi alikuwa mkulima wa mboga. Siku moja alimwonyesha tuta la mwisho, karibu na uzio, lenye udongo mgumu kama sakafu.

"Hili nataka kukupa wewe," alisema. "Ila kwanza tulilishe. Panda mimea ya kulifunika, baadaye tutaikata na kuilaza papo hapo ioze. Mvua kubwa ikikuta tuta limefunikwa lote, ni lako. Utapanda nyanya."

"Tuta langu mwenyewe? Shangazi, unanitania!"

"Kwani mimi na wewe ni watani? Shika mbegu hizi."

Alimpa bakuli, kisha akaenda zake sokoni. Kiherehere akachungulia ndani. Salaale! Mbegu za uwele, za kunde na za mmea wa marejea zilikuwa zimechanganyika ovyo! Nyumbani hakuna aliyemshinda kuchambua maharage, na mama alimsifu kila siku kwa hilo. "Maskini shangazi, macho yameanza kumchosha," alijisemea. Akachukua ungo, akakaa chini, akatenga mbegu zote mpaka shingo ikamuuma. Kisha akapanda uwele mwanzoni mwa tuta, marejea katikati na kunde mwishoni. Alirudi nyumbani akiimba.

Mbegu ziliota vizuri. Lakini kadiri mimea ilivyokua, Kiherehere alianza kuingiwa na wasiwasi. Kwenye matuta ya shangazi, ambako mbegu zilipandwa pamoja, udongo haukuonekana hata kidogo. Kwake, uwele na marejea vilisimama wima huku chini kukiwa kweupe, na magugu yakichomoza. Kunde peke yake ndiyo iliyofunika kona yake, tena ilikuwa inatambaa kwenda njiani. Na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Shangazi alifika, akashika kiuno. "Kulikoni hapa?"

Kiherehere alinyoosha kidole angani. "Ni ndege, shangazi. Wamekula mbegu."

"Ndege gani hao? Huku wamekula kunde, kule wamekula uwele, tena kwa mstari ulionyooka! Wametumia kamba?"

Kiherehere alitaka kucheka, akajikuta analia. Akasema yote, tangu bakuli hadi ungo.

Shangazi alicheka mpaka akakalia ndoo. "Kwa hiyo ulinichambulia! Mwanangu, nilizichanganya makusudi. Uwele unapeleka mizizi chini kabisa na kuupasua udongo. Marejea inaongeza rutuba. Kunde inatambaa na kufunika ardhi. Ukizitenga, kila kona inapata msaada wa mmoja tu."

"Basi nimelikosa tuta?"

"Mvua kubwa imeshanyesha? Kalete kopo la mbegu, haraka!"

Kiherehere aliruka kama panzi. Waling'oa magugu, wakapenyeza kunde katikati ya uwele na marejea, na uwele na marejea katikati ya kunde. Tangu hapo alilikagua tuta asubuhi na jioni, akiyaomba mawingu yasubiri kidogo. Nayo yakasubiri wiki kadhaa, yakidondosha manyunyu tu. Majani yalizidi kukutana mpaka ardhi ikapotea machoni.

Hatimaye mvua ilimwagika usiku kucha. Kulipokucha alikimbia peku hadi bustanini. Njia nzima ilikuwa imechimbwa na maji, lakini tuta lilikuwa zima! Alipenyeza kidole chini ya majani, kikazama chote.

"Shangazi! Udongo umelainika! Njoo uone!"

Shangazi alikuja na kanga kichwani, akachomeka kidole chake, akatabasamu. "Tuta ni lako. Ila nisikilize vizuri. Kazi usiyoielewa, uliza kabla hujaanza kuirekebisha. Na ukikosea, sema mapema. Ungeng'ang'ania kuwasingizia ndege, mvua hii ingekuta ardhi tupu na udongo wote ungekwenda na maji. Ukweli wako ndio uliotupa muda."

"Nimekuelewa, shangazi. Sitarudia."

Jioni ile mama alimwekea ungo wa maharage. Kiherehere aliutazama, akashika kidevu.

"Mama, naomba kuuliza kwanza. Haya tunayachambua, au yamechanganywa makusudi?"