Zuba 9 Imemurudisha Phocas

Mume wangu nilimuona Jumanne, amesimama kwenye boti, anakunja nyavu.

Tatizo, ndugu zangu, ni kwamba Phocas wangu alizama ziwani mwezi uliopita... na mwili haukupatikana.

Mi nauza simu dukani kwa Régis, hapa Gisenyi mjini. Siku hizi kila mtu anataka Zuba 9 tu. Betri haiishi, kamera inavuta hadi ng'ambo ya ziwa! Régis alinipa moja ya kuonyesha wateja, nikahamishia picha zangu zote, nyingi ni za Phocas.

Basi Jumanne hiyo nikavuta kwa kamera boti moja ya mbali kule, nikabonyeza.

Uso ukatokea safi. Na lile kovu la kidevuni.



Kesho yake tulikuwa tunaanua matanga. Wageni wamekaa, pombe ya kumaliza kilio iko tayari. Nikasimama katikati yao.

"Hakuna kumaliza kilio. Phocas iko hai. Na we mama unamuficha!"

Mama mkwe, Mukabera, aliipokea simu mkononi mwangu. Akaitazama ile picha, machozi yakamtoka.

Régis, aliyekuwa kati ya wageni, akaniita nje. Akamtuma jirani yetu Egide, mzee wa ndevu nyeupe, asimame mbali kabisa migombani. Akampiga picha kwa simu yangu.

Egide akatokea na uso wa Phocas. Kovu lilelile.

"Mbali sana hii kamera haioni," Régis akasema polepole. "Donc, basi, inajazia yenyewe. Inatafuta sura yenye iko nyingi kwenye picha zako."

Nilimpigia mama mkwe magoti mbele za watu.

"Mama, unisamehe. Nimekutukana bure."

Akaniinua. Hasira hakuwa nayo hata kidogo.

"Mwanangu, ile simu... tukiielekeza tena kule ziwani, atatokea?"

Ile pombe hakuna aliyeigusa.

Asubuhi nilikuta foleni imezunguka duka. Hawakuwa vijana. Walikuwa wajane na wamama wa Rubona, kule kwa wavuvi, kila mmoja na picha ya marehemu wake mkononi, waiingize kwenye simu mpya. Zuba 9 ziliisha kabla ya saa sita. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mukabera.

Wapendwa, aliyekufa mzikeni, hata kama kaburi ni maji. Simu itawaonyesha mnachokitamani, na matanga hayataisha.

Nawaambia hivyo mimi, ambaye ile picha bado sijaifuta.