Nilimtuma Mume Wangu Akaninunulie Vyungu Myanga

Nina umri wa miaka thelathini na minane, sina mume, sina mtoto, na ninaishi kwa mama yangu hapa Endebess. Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi nikiguna na kujiuliza, huyu naye alikuwa mjinga kiasi gani? Leo ni zamu yangu. Guneni tu... nimestahili.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua mayai nayatikisa sikioni. Nikirudishiwa chenji naitazama mbele ya mwenye duka hata akinuna. Sasa mtu wa namna hiyo anadanganywa vipi ndani ya nyumba yake mwenyewe? Ngojeni niwasimulie.

Baba yangu alitoka Nyeri akaja kufanya kazi katika shamba la mzungu huku Trans-Nzoia nikiwa mtoto wa mgongoni. Nilisoma kidogo kwa wamisheni, kisha nikaajiriwa yaya katika nyumba moja ya wazungu nje ya Kitale. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza! Yule memsahib alikuwa ameijaza sebule yake vitu vyetu sisi. Vikapu ukutani, kigoda cha miguu mitatu kando ya moto, chungu cha kupikia mboga kimetiwa maua... Nilipangusa vumbi huku nikishangaa, kumbe vitu hivi ni vizuri hivi? Kwetu vilikaa jikoni vikiwa vyeusi kwa moshi, na hakuna aliyevitazama mara mbili.

Nikajiapia kwamba siku nikipata nyumba yangu, nitaipamba kwa kazi ya mikono ya watu wetu.

Nyumba nikaipata. Niliolewa na Wafula, Mbukusu wa pande za Bungoma, dereva wa lori la Mhindi mmoja hapo Kitale. Baba alikasirika, ati nimevuka kabila, lakini tulifunga ndoa kanisani na pete nikavishwa. Tukapewa nyumba ya vyumba viwili lokesheni, mtaa wa Waafrika pale mjini, yenye sakafu ya saruji. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha, sukari imeanza kuonekana tena madukani, nami nilijiona malkia.

Jambo moja tu liliniuma. Mtoto hakuja. Mwaka ukapita, ukaja mwingine... Nyumba isiyo na mtoto ina kimya kibaya, na nadhani ndiyo sababu niliijaza vitu.

Siku za soko nilikuwa wa kwanza kufika. Kikapu nilikiinua juani, na mwanga ukipenya katikati ya nyuzi nakirudisha. Kigoda nilikinusa, kwa maana mti mbichi hupasuka ukishafika ndani. Wauzaji walinijua. Wakiniona kwa mbali waliguna, yule Mkikuyu wa kunusanusa anakuja! Nilicheka nao, lakini sikuuziwa kitu kibovu hata mara moja.

Kilichonishinda ni chungu. Vile vya Kitale vilikuwa vizito, vimekaa upande, vya kupikia tu. Jirani yangu Mama Nafula, mke wa polisi na Mbukusu kama mume wangu, akaniambia wafinyanzi wenyewe wako Myanga, huko Bungoma. Basi nikamwambia Wafula, lori lako si linapita Myanga kila wiki? Nitafutie mfinyanzi wa kweli.

Alikataa! Alisema mwanamume hazunguki akiulizia vyungu, wenzake watamcheka mpaka achoke. Mimi nilimsumbua. Nilimnunia, nikampikia uji bila sukari, nikamwuliza kama ananipenda au la. Mwisho akakubali, akachukua pesa zangu za kushona nguo, akaenda.

Chungu alichorudi nacho... sijui niwaeleze vipi. Chembamba, chekundu kama udongo uliolowa mvua, na shingoni kina mistari iliyochapwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa. Nilikigonga kwa kidole kikalia vizuri. Nikamwuliza ni kazi ya nani. Akasema ni ya kikongwe mmoja, haoni vizuri, tena hapendi wageni.

Nikamtuma tena. Na tena! Kila mwezi kiliingia kingine, na kila kimoja kilikuwa kizuri kuliko kilichotangulia. Nikasema nataka nikamwone huyo bibi mwenyewe. Wafula akasema barabara ni tope. Jua lilipokausha tope, akasema Mhindi amekataza kubeba wanawake kwenye lori. Nilipotaja basi, akasema kikongwe ni mgonjwa. Mimi mtikisa mayai, nikayameza yote hayo!

Mnajua kwa nini? Kwa sababu macho yangu yalikuwa kwingine.

Kulikuwa na msichana aliyeniletea vikapu kutoka Kapsokwony, mlimani. Jina lake Chebet. Mrembo, mwenye meno meupe na kicheko cha karibu. Siku moja nikamkuta uani akicheka na Wafula, na mume wangu amemshikia kikapu. Kuanzia hapo nikawa askari. Nilinusa mashati ya Wafula. Nilihesabu vikapu nikitafuta sababu ya yeye kuja mara nyingi hivyo. Hata Mama Nafula aliniambia niache, mtoto wa watu anatafuta karo ya ndugu yake tu.

Sikuacha. Nilimsubiri Chebet mlangoni, nikamtupia vikapu vyake barabarani mbele ya lokesheni nzima, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliviokota akilia. Na Wafula? Alisimama pale dirishani akitazama. Jioni akanisifu ati mke mwenye wivu ni mke mwenye mapenzi. Kumbe alikuwa amefurahi jinsi nilivyokuwa ninalinda mlango usiokuwa na mwizi!

Kisha kikaja kile chungu.

Wafula alishuka garini akiwa amekikumbatia ndani ya blanketi, na uso wake ulikuwa na jasho. Alipokifunua nikapiga makofi. Kilikuwa na tumbo moja lakini midomo miwili, imekaa sambamba, na mistari ile ile shingoni. Sijawahi kuona kitu kama hicho! Nilipotaka kukipokea akanizuia. Alisema bibi ameagiza tukishike pamoja, mikono yake na yangu, tukiweke upande wa kulia wa mlango, la sivyo kitapasuka. Tukakishika. Mikono yake ilitetemeka nikadhani ni mapenzi... nilimbusu, jamani! Nikatia maua katika mdomo huu, na maua katika mdomo ule.

Siku iliyofuata Mama Nafula alikuja kuazima chekeche. Alipovuka mlango akakiona. Akapiga vigelegele! Akaanza kuimba kwa lugha yao, akacheza mpaka leso ikamwanguka, akanishika mabega na kuniuliza wamezaliwa lini, na kwa nini nimemficha jambo kubwa namna hii.

Nikamwuliza nani wamezaliwa.

Akakatiza wimbo. Alinitazama, akakitazama chungu, akakaa chini bila kuambiwa.

"Wanjiru," alisema, "hii kitu haiuzwangi sokoni. Inafinyangwa mtu akipata mapacha. Na inaingia kila nyumba ya baba yao."

Sikuelewa. Kwetu mapacha zamani lilikuwa jambo la kunong'onwa, nani angenifundisha kwamba kuna chungu chao? Akarudia taratibu kama anayezungumza na mgonjwa. Kila nyumba ya baba yao... Yaani nyumba yangu ilikuwa moja kati ya nyumba za Wafula!

Nilikiinua nikibamize ukutani. Mama Nafula akanidaka mkono kwa nguvu. Alisema nikikivunja, mmoja wa watoto hao akipata hata homa ya kawaida, watasema ni mimi niliyemroga, na hakuna atakayeniamini maisha yangu yote. Nikakirudisha chini. Nililia mpaka sauti ikaniisha.

Wafula alikuwa safarini Eldoret. Nikafunga kile chungu katika lile blanketi lake, nikapanda basi la Bungoma.

Pale Myanga sikuwa na haja ya kuulizia kikongwe. Mama mmoja muuza mtama alipitisha kidole kwenye mistari ya shingo akasema papo hapo, huu ni mkono ya Nasimiyu, nyumba yake ile yenye bati mpya. Bati mpya... Zile pesa zangu za kushona!

Nilitembea kuelekea kule nikipanga matusi. Nilikuwa nayo mengi, ya Kiswahili na ya Kikuyu. Nilitaka kumwona huyo mwanamke mwenye haya kidogo hivyo.

Nikamkuta ameketi kivulini, udongo mpaka kwenye viwiko, msichana mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi. Kando yake, juu ya ngozi ya ng'ombe, walilala watoto wawili wa kiume. Alipoona blanketi akajua mimi ni nani. Lakini hakukimbia! Aliosha mikono haraka, akapiga magoti kunisalimu, akaniita dada mkubwa. Akasema amenisubiri sana, na kila mara alimwuliza Wafula kama vyungu vimenipendeza, kwa sababu kila kimoja alikifinyanga akiniwazia mimi.

Matusi yangu yakapotea yote.

Nikamwambia vile vyungu nilivinunua. Akashangaa. Alisema ni cha kwanza tu ndicho kilichonunuliwa. Wafula alifika hapo akiulizia chungu kizuri cha mke wake, na wanawake wote wa kijiji walishangaa, maana hawajaona mwanamume anayejisumbua hivyo kwa ajili ya nyumba ya mkewe. Nasimiyu alimpendea hilo. Ndiyo, wasomaji... alimpenda mume wangu kwa sababu alikuwa akinitafutia mimi chungu! Baadaye Wafula akamwambia kwamba mimi sizai, kwamba nimekubali aoe, kwamba ni mimi niliyemtuma.

Na kweli, si ni mimi niliyemtuma?

Nasimiyu aliwatazama watoto wake, akawavuta karibu na goti lake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo sana:

"Utamchukua yupi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza. Wafula alikuwa amemwambia kwamba mimi na yeye tumekubaliana: watoto wakiacha kunyonya, mmoja ataletwa Kitale niwe mama yake. Ndiyo maana alinifinyangia vyungu vyote vile. Alitaka nimpende yeye, ili nimpende na mtoto wake.

Mungu anajua nilitaka kumjibu. Nilitaka! Yule wa kushoto alikuwa amefungua macho, ananitazama. Nilipoinama alinishika kidole, akakibana. Miaka yote ile nilikuwa nimeomba kitu hicho hicho, kwa machozi, kwa kufunga, na sasa kilikuwa mkononi mwangu kina joto. Ningesema tu, huyu. Hakuna mtu angenizuia, na yule msichana angenipa huku akinishukuru.

Nikakitoa kidole.

"Simchukui hata mmoja," nikamwambia. "Mimi nimejua kwamba uko duniani jana tu."

Nikaweka chungu miguuni pake. Tulikaa pale kivulini tukilia, kila mmoja akilia ya kwake, mpaka watoto nao wakaanza. Akawanyonyesha. Mimi nikaondoka.

Wafula aliporudi kutoka Eldoret hakukana. Afadhali angekana! Aliketi, akavua kofia, akaniambia kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa mambo, "Si nilikuwa nakuletea mtoto?" Alishangaa nimekasirika. Vitu vyote nilivyotaka aliniletea, sasa nalia nini?

Nilikwenda kwa mchungaji. Wafula akatengwa na meza ya Bwana, lakini hilo halikunirudishia kitu. Nyumba ya lokesheni ilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo aliyetoka ni mimi. Nasimiyu naye aliposhika ukweli wote aliwachukua wanawe akarudi kwa kaka zake, na nasikia hamruhusu Wafula kupita hata langoni. Mwanamume yule alibaki na nyumba nzuri kuliko zote lokesheni, haina mtu ndani.

Nilipanda mpaka Kapsokwony kumtafuta Chebet nimwombe radhi. Mama yake alinisikiliza, akaniambia binti ameolewa mbali, na kwamba tangu siku ile hakusuka kikapu tena. Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

Dada zangu mnaosoma haya, pendeni vitu vizuri, si dhambi. Pambeni nyumba zenu. Lakini msimtume mume! Kitu kikikupendeza, funga safari mwenyewe, umkute aliyekifanya, umsalimu, umjue kwa jina na kwa sura. Na ukiwa mtu wa kushuku kama mimi, tafadhali usimmalizie shuku zako binti wa watu anayecheka mbele yako mchana kweupe. Uliza kwanza juu ya yule ambaye kila siku unapewa sababu ya kutomwona.

Ningepanda basi siku ya chungu cha kwanza, ningemkuta Nasimiyu akiwa msichana tu, bado hajaambiwa uongo wowote. Ningemlipa, tungecheka, ningerudi Kitale na chungu changu. Leo wale watoto ni wakubwa, wanachunga mbuzi wa wajomba zao. Mimi bado kidole hiki nakitazama... Nendeni wenyewe, jamani. Nendeni mapema.