Kijumba cha Kasimiri

Nilikuwepo. Wengine watakusimulia walivyosikia; mimi nilimshika Kasimiri kiunoni kwa mikono hii, na damu yake ikalowesha shati langu.

Kasimiri alikuwa fundi wa vijumba, hapahapa Kihonda. Vijana wa Dar wanaocheza vita vya mezani kwa vidoli vya askari walimwagiza makaburi, magofu na miti mikavu, vyote vidogo vya kupanga mezani. Alichonga foamu za maboksi ya TV, akapaka rangi, akachakaza kwa maji ya chai na majivu mpaka kitu cha jana kikaonekana cha enzi za Mjerumani. Hiyo ya chai nilimfundisha mimi, ingawa hakuwahi kukiri.

Kuna kijumba cha mzimu aliona kimekosa ukoga wa kweli, ule ukijani unaoota kwenye mawe ya kale. Akapanda mlimani Kinole, kwenye msitu wa tambiko wa ukoo wa mkewe, Filomena, akakwangua ukoga na udongo juu ya makaburi. Hakumwomba mzee Kasiani, mjomba wa Filomena, mwenye kauli pale. Na kwetu Waluguru ukoo ni wa mama. Mume ni mgeni tu.

Rangi ikakataa kukauka. Kijumba kikaanza kunuka kaburi bichi. Kila alipofunga kimlango chake, kilifunguka. Filomena akamnong'oneza arudishe alichochukua. Kasimiri akacheka.

Mchana mmoja wa mvua tukasikia kitu kinatafuna mle ndani, na Kasimiri, mbishi yule, akaingiza kidole kuchokonoa, kidole kikavutwa, kiganja kikafuata, kimlango kidogo kama kiberiti kikimeza mkono wa mtu mzima huku mifupa ikilia kama kuni kavu, naye akabamizwa ukutani, akarudishwa, akabamizwa tena, mimi nimening'inia kiunoni kwake nasoma dua zote ninazojua na nyingine nazitunga palepale.

Mzee Kasiani, aliyekuwa ameshuka mjini siku hiyo kuuza ndizi, akaitwa kutoka sokoni. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Filomena, sema wewe. Huyu hawamjui."

Filomena akapiga magoti kwenye damu. "Shikamooni, babu zangu. Udongo wenu nitaurudisha mwenyewe. Nipeni mkono wa mume wangu, ndio unaotulisha."

Kisha sauti kavu kutoka ndani: "Marahaba, mjukuu."

Mkono ukatoka taratibu, umechubuka, vidole vyote vipo.

Yote haya ni kweli tupu, isipokuwa hapo mkono ulipotoka. Hapo nimebuni, nilikuonea huruma. Baada ya ile marahaba hakikutoka kitu, na mzee Kasiani akaomba panga. Filomena alikibeba kijumba mwenyewe kurudi Kinole, na njia nzima mkono wa mumewe ulikuwa ukibisha hodi kwa ndani.