Bakuli la Lusekelo

Kilichoanza ni wali kupoa. Mabakuli mawili yalipakuliwa kwenye sufuria moja, yakaletwa kwenye sinia moja, lakini wakati la Marcelina bado linafuka mvuke, lile la pili lilikuwa baridi kama limetoka kwenye friji. Marcelina aliligusa, akatabasamu. Mtu mwenye akili zake angeondoka hapo hapo. Ila huyu alikuwa mjane ambaye nguo za marehemu bado zinaning'inia kabatini, tusimdai akili nyingi.

Soko lile la Wajapani, kaskazini mwa London, lilikuwa lao. Kila Jumamosi yeye, mumewe Lusekelo na binti yao Gladness walipanda treni kutoka Lewisham kwenda kula vitu ambavyo ndugu zao Mbeya wasingevigusa: chaza wabichi, pweza wa moto ndani ya donge la unga, na zaidi ya vyote mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, aliyechomwa, akapakwa mchuzi mtamu mweusi na kulazwa juu ya wali. Lusekelo alikuwa na mchezo wake. Alichagua kipande kinono kuliko vyote, akakifukia chini kabisa ya wali, akala taratibu akikizunguka, kisha akamsogezea Gladness bakuli. "Chimba, mwanangu." Alifanya hivyo mpaka moyo wake ulipogoma akiwa kazini, bila kumuaga mtu.

Sasa Marcelina alikuwa amerudi na mtoto, na bakuli la marehemu amelinunua vile vile. Ili watu wajue lina mwenyewe, alisimamisha vijiti vya kulia katikati ya wali. Mama Mjapani mwenye kibanda alikuja mbio, akavichomoa.

"Samahani, dada," alisema kwa upole. "Kwetu hivi tunamwekea aliyekufa tu."

Marcelina alimshukuru, na mama yule alipogeuka, akavirudisha. Halafu, kwa kuwa alilelewa kwamba huli mbele ya mtu bila kumkaribisha, alikitazama kiti kitupu akasema, "Karibu chakula, baba Gladness." Hapo ndipo wali ulipopoa. Kwetu mtu akikaribishwa hujibu asante, nimeshiba, endelea. Kitu kile hakikusema kimeshiba.

Kiliwafuata nyumbani. Ndizi za nazi, ugali, hata chipsi za dukani, vyote vilipoa vikishatua mezani.

"Mum, sisikii ladha," Gladness alinong'ona kwa Kiingereza chake cha London. "Ni kama natafuna karatasi."

Na alikula, masikini, akaongeza, akala tena, na bado mashavu yalizidi kubonyea na sketi ya shule ikawa inamshuka kiunoni, huku upande wa pili wa meza kiti cha baba yake kikijisogeza taratibu, na harufu ya mwani ulioloa ikipanda kutoka chini ya meza, na kile kikohozi kidogo cha Lusekelo cha kusafisha koo kabla ya kula kikisikika karibu zaidi kuliko jana, na Marcelina, Mungu amsamehe, akikijibu kila mlo, "Karibu, baba Gladness," kwa sababu alimkumbuka mumewe mpaka mifupa ilimuuma.

Jokha, nesi mwenzake kutoka Pemba, alikuja kumwona mtoto. Aliketi, akanusa, akashusha sauti.

"Marcelina, nani anakula hapa?"

"Mume wangu."

"Siye huyo."

"Kikohozi chake nakijua, Jokha. Niachie."

"Jini hujifunza kikohozi, mwenzangu. Nambie jambo moja tu. Lusekelo angekula cha mtoto wake?"

Marcelina aliinamisha uso mezani akalia. Hata akitoka shifti ndefu na njaa yake, Lusekelo alisubiri mtoto ashibe kwanza.

"Mrudishe pale pale ulipomkaribisha," alisema Jokha, ambaye bibi yake alikuwa akitoa majini. "Agiza bakuli lile lile, ulile wewe mbele ya kiti chake, usibakishe hata punje. Atakuita. Ukimkaribisha tena, mtoto huna."

Jumamosi Jokha alibaki mlangoni mwa soko, amemshika Gladness mkono. Marcelina aliketi peke yake. Alimaliza kwanza vipande vyote vya mkunga vilivyokuwa juu, kisha akaanza wali, baridi, usio na ladha hata ya chumvi. Kiti kilivutwa. Harufu ya mwani ikaja.

"Mke wangu," ilisema sauti, na ilikuwa yake hasa. "Leo hunikaribishi?"

Alimeza. Alitaka kufa.

"Nina njaa, mama Gladness. Huku hawapiki."

Adabu yote aliyofunzwa na mama yake ilimtaka aseme karibu, na machozi yakamdondokea ndani ya bakuli, na bado alikula, akala bila kuinua macho, mpaka kiti kikarudi nyuma polepole, kama kinavyorudi mtu anapoinuka baada ya kuona hatakiwi. Harufu ikaisha.

Mlangoni Gladness alikuwa ameng'ata donge la pweza alilonunuliwa na Jokha. "Mum, it's hot," aliita, akijipepea ulimi, na alikuwa anacheka.

Marcelina alimpungia mkono. Kisha akakwangua wali wa mwisho, na kijiti kikagonga kitu. Chini kabisa ya bakuli kilikuwepo kipande cha mkunga, kinono kuliko vyote alivyokula, kinafuka mvuke. Alikuwa amemwona mama Mjapani akilaza samaki wote juu, na hakuna mkono mwingine uliogusa bakuli lile.

Labda jini hujifunza na hilo pia. Alijiambia hivyo, akakitazama kiti kitupu, akafumba mdomo ili neno karibu lisimtoke. Jokha alisema asibakishe kitu. Alikula cha mtoto wake, na kilikuwa kitamu.