Kombi ya Valentini

Watu wananicheka kwa ajili ya magari. Uani kwangu Kilwa Masoko nina Peugeot 404, ile ya gia za kwenye usukani, na Land Rover iliyonizidi umri. Mke wangu Zuwena husema nikifa nitazikwa ndani ya buti. Sijali. Gari la zamani lina sauti yake, na nikiisikia moyo unatulia.

Kwa hiyo rafiki yangu Valentini aliponipigia simu kutoka Kipatimu, akaniambia, "Kondo, njoo uchukue Kombi yangu, nakupa bure," nilipanda basi la kwanza.

Ilikuwa Kombi ya kulala. Kitanda juu ya injini, jiko dogo la gesi, paa la turubai linalonyanyuka. Mapazia aliyashona mkewe, Romana, niliyemwita shemeji. Romana tulimzika masika yaliyopita. Nilitupa udongo kwa mkono wangu.

Nilifika jua limeshainama. Valentini hakunikaribisha ndani. Alinipa ufunguo huku anatazama chini.

"Ondoka sasa. Giza lisikukute huku."

"Hata maji ya kunywa?"

"Ondoka, ndugu yangu."

Nikashuka na barabara ya kwenda Njia Nne. Makorongo matupu, lakini Kombi iliyapita taratibu, injini ikiunguruma nyuma yangu. Nilikuwa naimba. Magharibi ikanikuta bado nipo milimani.

Ndipo nikasikia harufu.

Pumba. Pumba za mahindi zilizolowa maji zikachacha. Nikashusha kioo. Harufu ikazidi...

Kisha pazia la nyuma likasogea. Chrrr.

"Shemeji... usiwashe taa ya ndani."

Sauti niliijua. Ila ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyekatwa ncha ya ulimi.

"Romana?"

"Usigeuke."

Nikasimamisha gari. Injini ikazima yenyewe.

"Mlizika mgomba," alinong'ona. "Mimi mume wangu aliniweka humu. Mchana nalala. Jioni ananitoa nikamlimie ufuta. Ananilisha pumba, shemeji... nimechoka."

"Mbona amenipa gari?"

"Nimeanza kulia. Anaogopa."

"Majirani hawakusikii?"

Pazia likasogea tena.

"Wananisikia."

Hapo woga ulinitoka. Kilichobaki kilikuwa kitu cha moto, kifuani, kinachopanda kooni. Nilimkumbuka Valentini anagaragara kaburini, sisi tumemshika mikono, tunamfariji. Nikawakumbuka wale majirani wanavyomsifu kwa ufuta wake. Niliuma meno mpaka taya likauma.

"Nikupeleke wapi?"

"Kwa mama."

Nikazungusha ufunguo. Ikawaka mara moja.

Mama yake, Bi Monika, anakaa kijiji cha mwisho kabla ya tambarare. Alitoka na taa ya sola mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Kondo wa Kilwa. Nimekuletea..."

Nikaburuta mlango wa pembeni. Kitanda kitupu. Juu ya shuka udongo mwekundu, na alama za nyayo za mtu mzima.

Bi Monika aliiweka taa chini. Akanyoosha mikono kwenye hewa tupu, akakumbatia.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu?"

Kanga yake mgongoni ikajikunja, sehemu kumi, kama vidole vimeishika.

Mimi sikuona mtu.

Sikulala. Alfajiri niliiacha Kombi pale uani, nikakodi bodaboda kurudi Kipatimu. Nilikwenda kumpiga Valentini. Nasema kweli, nilikwenda kumvunja mtu mifupa, na baada ya hapo polisi wafanye wanalotaka.

Nilimkuta shambani. Analima.

"Valentini."

Jembe likapanda, likashuka.

Nilimshika shati nikamgeuza. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama inaonekana. Pembeni mwa mdomo, pumba zimekauka. Macho yalinipita kama mimi ni kisiki. Alifungua mdomo kunijibu, na ndani nikaona ulimi mfupi.

Jirani yake, Restuta, alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, kando ya shamba.

"Ameanza jana magharibi," alisema kwa sauti ya chini. "Hajapumzika."

"Nani amemtuma?"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, na Romana mlikuwa mnamsikia?"

Akaingia ndani. Nikasikia komeo.

Nilibaki na ngumi yangu juu. Mtu niliyemfuata hakuwepo tena wa kupigwa, na waliokuwa wakisikia wamejifungia milango. Nilimwachia shati. Akainama, akaendelea na mstari wake.

Sikumhurumia. Mpaka leo sijamhurumia. Nilishuka kilima kwa miguu, hasira yangu yote bado ninayo, na nyuma yangu jembe linapiga... linapiga...